Sodiamu bikaboneti (dawa ya mshipani)

Sodiamu bikaboneti (pia: natiri bikaboneti au sodiamu hidrojeni kaboneti, fomula ya kikemia NaHCO3) ni chumvi nyeupe yenye tabia ya alkali hafifu. Jikoni inajulikana kama soda ya kuumulia keki na maandazi. Hospitalini, ikiwa imeyeyushwa katika maji yasiyo na vijidudu, ni dawa inayoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu ili kupunguza asidi iliyozidi mwilini na kurudisha sodiamu na bikaboneti zilizopotea. Makala hii inahusu dawa hiyo ya mshipani.

Dawa hii imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) katika nguvu mbili, yaani 1.4% na 8.4%. Ni dawa ya zamani, haina gharama kubwa, na kuitengeneza hakuhitaji kemia ngumu. Hata hivyo madaktari wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 40, kwa sababu inarekebisha haraka namba inayosomwa kwenye karatasi ya maabara bila kuondoa ugonjwa ulioiharibu namba hiyo. Ikitumika mahali pake inaokoa maisha ndani ya dakika chache. Ikitumika ovyo inaweza kuua.

Asidi na bikaboneti katika damu

Damu ya mtu mwenye afya ina pH kati ya 7.35 na 7.45. Chini ya hapo hali huitwa asidosisi, yaani asidi imezidi. Juu ya hapo huitwa alkalosisi. Tofauti hizi huonekana ndogo mno kwa asiyezoea kipimo cha pH, lakini kipimo hicho ni cha logi. Kwenye pH 7.4 lita moja ya damu ina takriban nanomoli 40 za ioni za hidrojeni, na kwenye pH 7.1 ina karibu 80. Kwa hiyo kushuka kwa 0.3 tu kunamaanisha asidi imeongezeka maradufu.

Mwili huzalisha asidi kila saa kutokana na chakula na kazi ya misuli. Kinachozuia damu isichachuke ni bafa, na bafa iliyo kubwa kuliko zote nje ya seli ni bikaboneti, ambayo kwa kawaida ni milimoli 22 hadi 26 katika kila lita ya plazma. Inafanya kazi hivi:

HCO3⁻ + H⁺ → H2CO3 → H2O + CO2

Ioni ya bikaboneti hukamata ioni ya hidrojeni, na mwisho wake ni maji na gesi ya kaboni dioksidi inayotolewa na mapafu. Figo kwa upande wao hurudisha bikaboneti iliyotumika na kutoa asidi kwenye mkojo. Mwanafunzi anaweza kuona sehemu ya kazi hii kwa kumimina siki juu ya kijiko cha soda ya jikoni ndani ya glasi: povu linalopanda ni kaboni dioksidi ileile.

Povu hilo ndilo lenye somo kubwa la kitabibu. Milimoli 100 za bikaboneti zikishikana na asidi mwilini huzaa karibu lita mbili na nusu za kaboni dioksidi. Mgonjwa anayepumua vizuri huitoa bila taabu. Mgonjwa aliyechoka, au ambaye mashine yake ya kupumulia imewekwa taratibu mno, anabaki nayo. Gesi hii hupenya utando wa seli kwa urahisi, wakati bikaboneti yenyewe hupenya polepole; hivyo damu inaweza kuonekana imepona huku ndani ya seli za moyo na ubongo asidi ikizidi. Hali hiyo wataalamu huiita asidosisi kinzani ya ndani ya seli.

Ndiyo maana ni lazima kutenganisha asidosisi ya kimetaboliki, ambapo asidi imezidi au bikaboneti imepotea, na asidosisi ya kupumua, ambapo kaboni dioksidi haitoki. Hii ya pili haitibiwi kwa bikaboneti bali kwa kumsaidia mgonjwa kupumua. Historia ina mfano maarufu: katika mlipuko wa polio mjini Copenhagen mwaka 1952, vipimo vilionyesha bikaboneti nyingi katika damu ya wagonjwa waliokuwa wakifa, na madaktari wakadhani ni alkalosisi isiyoeleweka. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alitambua kwamba wagonjwa walikuwa wamejaa kaboni dioksidi kwa kushindwa kupumua, na figo zilikuwa zikilimbikiza bikaboneti ili kujihami. Wakaanza kupuliziwa hewa kwa mikono, usiku na mchana, na vifo vikapungua sana.

Historia

Wazo la kutia alkali mshipani lilitokana na kipindupindu. Ugonjwa huo ulipofika Uingereza mwaka 1831, daktari kijana William Brooke O'Shaughnessy alichunguza damu ya wagonjwa na kukuta imepoteza maji, chumvi na alkali. Mwaka uliofuata Thomas Latta, daktari wa Leith huko Uskoti, aliyatumia matokeo hayo. Alichukua maji, akatia chumvi ya kawaida pamoja na kaboneti ya sodiamu, ambayo ni ndugu wa magadi yetu, akayaingiza kwenye mshipa wa mwanamke mzee aliyekuwa karibu kufa. Baada ya nusu saa na takriban lita tatu na nusu za maji hayo, mama huyo alianza kuongea na kusema amepata nafuu. Latta aliondoka akimwacha mikononi mwa wengine. Kuhara kukarudi, maji hayakuongezwa, naye akafariki saa chache baadaye. Wagonjwa wengine waliofuata walipona. Latta mwenyewe alikufa mwaka 1833, mlipuko ukaisha, na njia yake ikasahauliwa kwa miongo mingi.

Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Ujerumani waligundua kwamba watu wenye kisukari waliozimia walikuwa na asidi nyingi katika damu. Bernhard Naunyn ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa neno asidosisi, na alkali ikawa tiba ya kawaida ya hali hiyo. Karibu na mwaka 1910 Mmarekani Andrew Watson Sellards, akifanya kazi Manila nchini Ufilipino, alionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu waliopewa bikaboneti mshipani walipona figo zao zaidi ya waliopewa maji ya chumvi peke yake. Katika miaka hiyohiyo Lawrence Henderson wa Marekani na Karl Albert Hasselbalch wa Denmark waliweka msingi wa mlinganyo unaounganisha pH, bikaboneti na kaboni dioksidi, ambao bado unafundishwa vyuoni kwa majina yao.

Tatizo moja la kiwandani lilibaki. Bikaboneti ikichemshwa huvunjika na kuwa kaboneti, maji na kaboni dioksidi, kwa hiyo kuua vijidudu kwa joto kuliharibu dawa yenyewe. Katika miaka ya 1930 Alexis Hartmann, daktari wa watoto huko St. Louis, alipita njia ya pembeni: alichukua mmumunyo wa Sydney Ringer akauongezea sodiamu lakteti, ambayo haiharibiki kwa joto na ambayo ini huigeuza kuwa bikaboneti. Hiyo ndiyo asili ya dripu ya Ringer lakteti inayotundikwa leo katika karibu kila wodi ya Afrika Mashariki. Wagonjwa wengi wamepata bikaboneti kwa njia hiyo bila kujua.

Kwa kipindupindu Ringer lakteti ndiyo inayopendekezwa na WHO kwa mtu aliyekauka maji vibaya. Huko Dhaka nchini Bangladesh watafiti walitumia pia mmumunyo rahisi wa lita moja wenye gramu 5 za chumvi ya kawaida, gramu 4 za sodiamu bikaboneti na gramu 1 ya potasiamu kloridi. Hata pakiti za kwanza za chumvi ya kunywa (ORS) za miaka ya 1970 zilikuwa na bikaboneti. Mwaka 1984 ilibadilishwa kuwa sitreti kwa sababu bikaboneti haidumu ndani ya pakiti katika nchi zenye joto na unyevu.

Nguvu za mmumunyo

Namba 8.4 haikutokea kwa bahati. Uzito wa moli moja ya NaHCO3 ni gramu 84, hivyo mmumunyo wa 8.4% una gramu 84, yaani moli moja, katika lita. Kwa muuguzi hesabu inakuwa nyepesi: mililita moja ni milimoli moja ya sodiamu na milimoli moja ya bikaboneti.

Wepesi huo wa hesabu umeficha ukali wa dawa. Mmumunyo wa 8.4% una osmolariti ya takriban miliosmoli 2,000 kwa lita, wakati plazma ina karibu 290. Kwa kulinganisha, maji ya bahari yana kama 1,000. Mtu anayesukuma chupa ya 8.4% mshipani anasukuma kitu kikali maradufu kuliko maji ya Bahari Hindi. Mmumunyo wa 4.2% ni nusu ya hapo, na ule wa 1.4%, wenye milimoli 167 za sodiamu na 167 za bikaboneti kwa lita, unakaribia ukali wa damu na unaweza kutiririshwa kwenye mshipa mdogo wa mkono kwa usalama zaidi. Ipo pia 1.26%, inayotumika sana katika baadhi ya nchi za Ulaya.

Mzigo wa sodiamu nao husahaulika. Chupa tatu za mililita 50 za 8.4% zina sodiamu karibu sawa na lita nzima ya maji ya chumvi ya 0.9%, ambayo ina milimoli 154. Kwa mgonjwa wa moyo au wa figo asiyekojoa, hizo si chupa ndogo.

Matumizi

Hakuna anayebisha kuhusu mgonjwa aliyepoteza bikaboneti yenyewe, kwa mfano kwa kuhara sana au kwa ugonjwa wa mirija ya figo. Huyo anarudishiwa kilichopotea. Vivyo hivyo mgonjwa wa figo zilizoshindwa kazi: akiwa nyumbani hupewa vidonge, na akiwa mahututi hupewa ya mshipani wakati akisubiri kusafishwa damu. Maji ya mashine ya kusafishia damu yenyewe yana bikaboneti. Zamani yalitumia aseteti, lakini wagonjwa wengi walishuka shinikizo la damu na kutapika, na bikaboneti ikachukua nafasi.

Sumu na dawa zilizozidi kipimo ndipo dawa hii inapong'aa zaidi. Mtu aliyemeza vidonge vingi vya amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, hupata hitilafu ya umeme wa moyo kwa sababu dawa hiyo huziba njia za sodiamu kwenye seli za moyo. Kwenye karatasi ya ECG wimbi la QRS hupanuka kupita milisekunde 100, kisha hufuata degedege au mapigo yaliyovurugika. Bikaboneti hutolewa kwa haraka, milimoli 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, na kurudiwa hadi wimbi lisinyae, pH ikilengwa kati ya 7.45 na 7.55. Hapa husaidia mambo mawili kwa pamoja: sodiamu nyingi hushindana na sumu kwenye njia zilizozibwa, na ualkali huilegeza sumu isishike. Ni nadra kwa dawa yoyote ya dharura kuonyesha kazi yake waziwazi kiasi hicho mbele ya macho.

Kwa aliyemeza aspirini nyingi, sababu ni nyingine. Asidi ya salisiliki ikiwa katika mkojo wenye alkali hubeba chaji ya umeme na hushindwa kupenya kurudi katika damu, hivyo hutoka nje. Mkojo hulengwa ufike pH 7.5 au zaidi kidogo. Madaktari wenye uzoefu hupima potasiamu kwanza: ikiwa imepungua, figo huishikilia na kutoa hidrojeni badala yake, na mkojo unakataa kuwa alkali hata bikaboneti ikimiminwa kiasi gani. Njia hii ya kuufanya mkojo kuwa alkali hutumika pia kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa methotreksati kwa kipimo kikubwa, ili isigande ndani ya figo.

Sumu ya methanoli inahusu eneo letu kwa uchungu. Pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi mnamo Novemba 2000 na kuwapofusha wengine. Uganda ilipata maafa ya namna hiyo mwaka 2010, na kaunti kadhaa za Kenya tena Mei 2014. Methanoli yenyewe haidhuru sana. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu neva za macho na kuchachusha damu. Bikaboneti hupunguza kiasi cha asidi hiyo kinachoweza kupenya kwenye neva, lakini peke yake haitoshi. Inatakiwa dawa ya kuzuia ini lisiendelee kuigeuza methanoli, ambayo ni fomepizoli au, isipopatikana, ethanoli safi inayotolewa kwa uangalizi. Mara nyingi na kusafishwa damu. Mgonjwa akiletwa baada ya siku mbili akisema anaona ukungu mweupe, muda mwingi umeshapotea.

Kuhusu potasiamu iliyozidi, bikaboneti ilikuwa ikitajwa mwanzoni kabisa mwa tiba. Sasa imeshuka daraja. Kalsiamu hulinda moyo, insulini pamoja na glukosi na salbutamoli hushusha potasiamu kwa haraka zaidi, na bikaboneti hubaki kwa wale ambao wana asidosisi kali pia.

Matumizi yaliyopungua

Katika miaka ya 1960 na 1970 mgonjwa ambaye moyo umesimama alipewa bikaboneti karibu kila mara, chupa baada ya chupa. Mantiki ilionekana safi: moyo ukisimama asidi hupanda, asidi hudhoofisha moyo, basi iondolewe. Utafiti haukuthibitisha faida, na madhara yaliyoelezwa hapo juu yakaonekana. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani ulianza kuirudisha nyuma mwaka 1986, na ule wa mwaka 2010 ulisema wazi kwamba haipendekezwi kama desturi. Imebaki kwa sababu maalumu, kama potasiamu iliyozidi au amitriptilini.

Asidosisi ya lakteti, ambayo huja na maambukizi makali ya damu au mshtuko, ndiyo uwanja wa ubishi. Mwaka 1990 kikundi kidogo cha wagonjwa 14 nchini Kanada kilipewa bikaboneti na maji ya chumvi kwa zamu. pH ilipanda kwa bikaboneti, lakini moyo haukufanya kazi vizuri zaidi kuliko kwa maji ya chumvi. Jaribio kubwa la Ufaransa lililoitwa BICAR-ICU, lenye wagonjwa 389 wenye pH ya 7.20 au chini, lilichapishwa mwaka 2018. Kwa jumla hakukuwa na tofauti ya uhakika, ila kundi lenye figo zilizoumia lilionekana kunufaika. Jaribio la pili, lililowalenga wagonjwa hao wa figo na kuchapishwa mwaka 2025, halikupunguza vifo. Lilipunguza idadi ya waliohitaji kusafishwa damu. Kwa hospitali isiyo na mashine hiyo, au yenye moja inayogombewa, hilo la mwisho si jambo dogo.

Kwa ketoasidosisi ya kisukari, tiba ni maji, insulini na potasiamu. Asidi za ketoni zenyewe hugeuzwa kuwa bikaboneti insulini inapoanza kazi. Miongozo ya kimataifa huiacha bikaboneti kwa watu wazima ambao pH imeanguka hadi karibu 7.0 au chini zaidi. Kwa watoto tahadhari ni kubwa kuliko hapo: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulihusisha matumizi yake na uvimbe wa ubongo, tatizo linaloua.

Malaria kali ya watoto nayo huja na asidosisi na kupumua kwa kina. Chanzo chake huwa ni upungufu wa damu, mzunguko hafifu na vimelea vyenyewe, kwa hiyo tiba ni artesuneti na, inapohitajika, kuongezewa damu. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 na kuchapishwa mwaka 2011, halikuhusu bikaboneti bali kusukuma maji mengi haraka mshipani. Matokeo yake yaliwashtua wengi: waliosukumiwa maji walikufa zaidi, karibu asilimia 10.5 ndani ya saa 48 dhidi ya 7.3 kwa wasiosukumiwa. Linatajwa hapa kwa sababu lilionyesha, tena kwa watoto wetu, kwamba jambo lenye mantiki nzuri kitabuni linaweza kudhuru kitandani.

Kipimo

Kipimo hutegemea gesi za damu, si kukisia. Fomula ya kawaida ni: milimoli za bikaboneti = 0.3 × uzito kwa kilo × upungufu wa besi. Mtu wa kilo 60 mwenye upungufu wa besi wa 20 anapata 0.3 × 60 × 20 = milimoli 360. Hazitolewi zote. Desturi ni kutoa nusu, yaani 180 au pungufu yake, kwa saa kadhaa, kisha kupima upya. Lengo si kufikisha 7.4, inatosha kumtoa mgonjwa kwenye hatari, kwa kawaida juu ya 7.2, na kuacha mwili umalizie. Anayelenga namba kamili hupitiliza, maana chanzo kikitibiwa mwili hutengeneza bikaboneti yake juu ya ile aliyopewa.

Watoto wachanga wana kanuni yao. Mishipa ya ubongo wao ni laini, na mmumunyo mkali ukiingia haraka unaweza kuipasua na kuvujisha damu ndani ya ubongo, hasa kwa njiti. Ikibidi kabisa hutumika 4.2% au hafifu zaidi, polepole, bila kupita milimoli 8 kwa kilo kwa siku. Zamani mtoto aliyezaliwa bila kulia alipewa bikaboneti kupitia kitovuni. Sasa anapewa hewa kwa mfuko na barakoa, na hiyo ndiyo inayomwamsha.

Madhara na tahadhari

Sodiamu hupanda, maji hujaa mapafuni, na damu inaweza kuvuka upande wa pili kuwa alkali. Potasiamu huingia ndani ya seli na kupungua katika damu. Aliyekuwa nayo chini tangu awali anaweza kupata hitilafu ya mapigo. Kalsiamu iliyo huru hupungua pia, na mgonjwa huhisi ganzi mdomoni na vidoleni, kisha misuli hukaza. Hemoglobini huishikilia oksijeni zaidi na kuiachia tishu kwa uchoyo.

Mmumunyo wa 8.4% ukivuja nje ya mshipa huunguza tishu, na ngozi inaweza kufa na kuacha kidonda kinachohitaji kupandikizwa ngozi. Kwa hiyo kanula hukaguliwa kabla ya kusukuma, na inapowezekana hutumika mshipa mkubwa. Mgonjwa akisema mkono unawaka, dripu inasimamishwa kwanza, maswali baadaye.

Tahadhari ya kuchanganya husahaulika zaidi wakati wa haraka, ambapo dawa nyingi hupita kwenye mpira mmoja. Bikaboneti ikikutana na kalsiamu hutengeneza kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, ambayo huonekana kama maziwa ndani ya mpira na kuuziba. Mgonjwa wa potasiamu iliyozidi huhitaji zote mbili, hivyo kila moja hupewa njia yake, au mpira husafishwa vizuri kwa maji ya chumvi katikati. Ringer lakteti ina kalsiamu, kwa hiyo bikaboneti haitiwi ndani yake. Adrenalini na noradrenalini nazo hupoteza nguvu zikikaa pamoja na alkali.

Kinyume na hayo, kuna mchanganyiko mmoja unaotafutwa makusudi: sehemu moja ya 8.4% katika sehemu tisa au kumi za lidokeini hupunguza muwasho wa sindano ya ganzi.

Soda ya jikoni na magadi

Kwa kuwa kemikali ni moja, huulizwa kama soda ya dukani inaweza kutengenezwa dripu. Haiwezi. Haina usafi wa dawa, ina vijidudu, na kuichemsha huigeuza kuwa kaboneti iliyo kali zaidi. Magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania, yanayolainisha maharage na makande, si bikaboneti tupu. Ni trona, mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, tena yana floridi nyingi inayochafua meno. Hata kunywa soda ya jikoni mara kwa mara kwa ajili ya kiungulia huongeza chumvi mwilini, na watu waliokunywa nyingi wamelazwa wakiwa na alkalosisi kali na potasiamu ya chini. Mwenye shinikizo la damu au mjamzito amwone mhudumu wa afya.

Utunzaji na upatikanaji

Chupa hutunzwa zikiwa zimefungwa, mbali na joto kali. Mmumunyo ukiwa na ukungu au chembe hautumiki. Chupa iliyofunguliwa huanza kupoteza kaboni dioksidi na pH yake kupanda, kwa hiyo kilichobaki hutupwa, hata kama wodi ina uhaba. Uhaba huo hauzikumbi nchi maskini pekee: mwaka 2017 viwanda vichache vinavyoitengeneza Marekani vilikwama, na baadhi ya hospitali za huko zililazimika kuigawa kwa kupima na kuahirisha upasuaji mpaka chupa zilipopatikana.